Gurudumu Lililo Baridi

“Shusha gari, shemeji. Nimeshasema.”

“Sishushi. Breki bado zinachemka.”

“Kila siku breki! Wenzako wote wametupita, wewe umekodolea macho magurudumu kama unayachumbia!”

Ni asubuhi, ukungu haujaondoka. Lori lililojaa viazi limesimama nusu ya mteremko, kwenye kiwanja cha changarawe ambapo madereva hupoza breki. Anayekataa ni dereva wa miaka hamsini na sita. Barabara nzima humwita Kobe. Anayeamuru ni mume wa dada yake mdogo, mwenye lori. Leo amepanda mwenyewe, aone kwa nini mali yake huchelewa kufika sokoni.

Kobe anainama kwenye gurudumu la nyuma kulia, anatema mate kwenye rimu. Yanachemka na kukauka hapo hapo. Anazunguka upande wa kushoto, anatema tena. Mate yanateremka taratibu, kama kwenye ukuta.

Hilo la kushoto ndilo linalomtisha. Halina breki kabisa.

Bomba lake la mafuta ya breki lilipoanza kuvuja, shemeji hakununua jipya. Alimwita fundi, likakunjwa kwa koleo, likafungwa waya. Magurudumu mengine yakaachiwa kazi ya mwenzao. Tangu hapo Kobe anashuka na lori kilema.

“Likiwa la moto najua limefanya kazi,” anasema. “Baridi hii ni ya maiti.”

Alianza kama mpakiaji, akapewa usukani, na sasa ni mwaka wa ishirini na moja anapanda na kushuka mlima huu. Mengi anayoyajua maishani kayaokota kwenye kona zake. Ukipanda, shika gia ndogo mapema; ukingoja injini ilie, umechelewa. Anayekupita na kukumwagia moshi usoni, mwache aende. Ukishuka, tumia gia ile ile uliyopandia, hata wakupigie honi hadi masikio yazibe.

“Mlima haujali kama una haraka au unawahi harusi,” anasema.

Kwa ushauri huo amepata jina la utani na dhihaka. “Kobe, kivuli chako kimefika sokoni tangu jana!” dereva mmoja anampigia kelele akipita. Kobe anampungia mkono. Dereva huyo naye alijifunzia kwake.

Anaishi na mkewe katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya shemeji. Kitanda, pazia, jiko, na tairi kuukuu ambalo mkewe hukalia akifua. Nusu ya mshahara hukatwa kuwa kodi kabla haujamfikia. Alishaomba kazi kwingine. Walimtazama mvi, wakamwambia watampigia simu.

Jana, kwenye kona iliyo juu ya soko, kanyagio la breki lilizama mpaka chini na lori halikushika. Lilikuja kusimamishwa na lundo la mchanga ambalo waashi walikuwa wameliacha kando ya barabara. Muuza ndoo aliyeruka pembeni alidhani anataniwa. Akamtukana, kisha akacheka. Kobe naye alicheka.

Leo alfajiri, akipanda na lori tupu kufuata viazi, aliwaona waashi wakizoa mchanga wa mwisho.

“Mlima umenifundisha kila kitu,” anasema, “isipokuwa kumkatalia shemeji.”

Shemeji amechoka kungoja. “Nipe ufunguo. Nitaendesha mwenyewe.”

“Utaua watu, shemeji.”

“Basi shusha wewe! Hutaki, leo hii chumba changu kiwe kitupu. Na dada yako asinililie.”

Kobe anautazama ufunguo kiganjani. Akimpa, shemeji atashuka kwa gia kubwa, na chini kuna soko lililojaa. Akishuka mwenyewe, soko ni lile lile.

Anautia ufunguo mfukoni na kutoa simu.

“Mama, anza kufunga vyombo.”

“Umefukuzwa?” mkewe anauliza.

“Bado. Ndiyo naanza.”

“Tutaenda wapi, baba?”

“Sijui,” anasema, na kwa sauti yake ni kweli hajui.

Anasukuma mawe chini ya magurudumu ya mbele. Anatambaa uvunguni na jeki. Shemeji anapiga kelele, anamshika shati, shati linachanika, Kobe anaendelea kutega jeki. Anaweka spana kwenye nati ya gurudumu lile baridi, anaikanyaga kwa uzito wake wote. Nati inalia, inaachia. Ya pili. Zinazofuata hatazami hata kidogo; mikono inazijua.

Gurudumu linatoka. Analibingirisha hadi ukingoni mwa kiwanja, analilaza chini, na kulikalia, mgongo kwa shemeji.

Lori haliendi popote.