Paketi ya Juu ya Kabati

Saa mbili asubuhi, fundi rangi amesimama uso kwa ukuta katika chumba cha mazoezi ya viungo. Vidole vya mkono wake wa kulia vinapanda polepole, kimoja baada ya kingine, kama mjusi aliyechoka. Nyuma yake, mwanamke mwenye kipande cha chaki anasubiri.

"Usipandishe bega hadi sikioni, fundi. Huo ujanja."

"Ujanja ndio umenilea, dada."

Vidole vinasimama. Chaki inapigwa: sentimita nne juu ya alama ya wiki iliyopita.

Wagonjwa humwita mwanamke huyu Mama Bega. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akiwarudisha watu kazini, wagonjwa hadi kumi na wanne kwa siku. Fundi alimjia miezi mitano iliyopita, bega limeganda, hawezi hata kuchana nywele, sembuse kupaka dari. Na bila dari, kazi zake zilishapungua nusu.

"Siku ya kwanza nilikosea," anakiri Mama Bega. "Nilimwambia aache sigara, apunguze sukari, atembee, alale mapema. Yote kwa mpigo. Nilitoa hotuba, nikapoteza mgonjwa."

Fundi alipotea wiki tatu. Aliporudi, mkono ulikuwa umeshuka chini ya alama ya kwanza. Safari hii Mama Bega aliuliza jambo moja tu: ni lipi dogo analoliweza?

Jibu alilitoa fundi mwenyewe. Paketi ya sigara ikae juu ya kabati la nguo, na akiitaka aifuate kwa mkono mgonjwa. Bila kiti.

"Askari ni mimi," anacheka mkewe, aliyekuja naye na kuketi kwenye benchi la mlangoni. "Siku moja nimemfuma akiivuta paketi kwa mwiko. Nikamwambia, baba watoto, tangu lini mwiko ukawa kidole?"

Sigara kumi na mbili kwa siku zikawa tatu. Muda uliobaki akautumia kuzunguka mtaa na mkewe. Lakini jambo moja lilimtia Mama Bega wasiwasi: kadiri bega lilivyopona, ndivyo paketi ilivyozidi kukaribia.

Leo fundi anatia mkono mfukoni, anaiweka paketi mezani.

"Asubuhi hii nimeifikia bila taabu. Nikaishika. Nikajiuliza, jasho lote lile nilikuwa napandia hiki? Kesho sijui, dada. Ila leo sijavuta."

Mama Bega anajifanya kutafuta kitambaa cha kufutia mikono. Baadaye anasema anataka kuanzisha kikundi cha wagonjwa cha kutembea asubuhi, kabla ya mazoezi. Fundi na mkewe ndio atakaoanza nao.

"Nikipona nakupakia rangi chumba hiki bure," fundi anaahidi.

"Paka dari. Ukuta usiuguse, una alama zangu."

Fundi anainua macho kwenye dari yenye madoa ya maji. Kisha, bila kuambiwa, anainua na mkono.