Karatasi ya Watu Saba

Printa ya ofisi ya shule ilikuwa na tabia zake. Karatasi mbili za mwanzo huzitoa bila neno, ya tatu huing'ang'ania mpaka ibembelezwe. Asubuhi ya matokeo ya sekondari ya juu haikubadili tabia. Karatasi mbili za wanafunzi wa shule zikatoka. Ya tatu, ya watahiniwa wa kujitegemea, watu saba tu, ikakwama katikati: majina yako nje, alama ziko ndani.

Sekretari akaishika ncha, akasimama hivyohivyo. Jina la tatu lilikuwa lake.

Mwanamke huyu alikuwa na miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti kilekile, kando ya dirisha linalotazama geti. Wanafunzi walimwita Mama Chapa. Jina hilo alipewa zamani za mashine ya kuchapa, ile inayolia kengele mstari ukiisha, na waliompa sasa wana watoto wao. Mumewe ni fundi bomba. Nyumbani ana watoto watatu, na wa kwanza ameshamzidi urefu.

Mwalimu akikosekana, mkuu wa shule humwambia, "Mama, hebu kakae nao tu, wasipige kelele." Anakwenda kukaa tu. Kengele ikilia anajikuta kashika chaki, mkono mweupe mpaka kiwiko, na watoto hawataki atoke. Hapo ndipo lilipomwingia wazo la chuo cha ualimu. Chuo kilitaka masomo mawili yenye C kwenda juu, na yeye shule aliiachia njiani alipoolewa. Basi akajiandikisha.

Hakujiandikisha peke yake. Mlinzi wa geti, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, anayeitwa Kamanda ingawa jeshi hajawahi kulisogelea, naye aliacha shule akiwa kijana. Mwaka mzima wawili hao walikutana saa ya chakula cha mchana kwenye stoo ya madawati mabovu, mmoja kwenye dawati lisilo na mguu, mwingine kwenye dawati lisilo na mgongo, wakiulizana maswali huku wanatafuna. Kwa maswali Mama Chapa hakuwa na mpinzani. Yote alikuwa ameyapiga chapa kwa mkono wake, mwaka hata mwaka. Majibu ndiyo hakuna aliyewahi kumletea ayachape.

Akaivuta karatasi. Ikatoka na mkunjo pembeni.

Kiswahili, B. Historia, E. Jiografia, E.

Akasoma tena, safari hii kwa rula chini ya mstari, maana macho huweza kuruka. Rula haikubadili kitu. Akaketi. Wala hakulia. Alichohisi ni aibu ya mtu aliyejikwaa sokoni, anayetazama kulia na kushoto kwanza kabla ya kulitazama goti.

Na sababu aliijua. Kwenye mtihani wa historia, katika chumba cha peke yao watu saba, aliandika ukurasa wa kwanza vizuri, mwandiko umelala kama umepigwa pasi, halafu kwenye mstari wa nane akakosea neno. Angelikata kwa kalamu tu aendelee. Lakini mikono ya kazi yake haijui kumpa mtu karatasi yenye doa. Akanyoosha mkono, akaomba karatasi nyingine, akanakili upya kuanzia juu. Ukurasa wa tatu, hivyohivyo. Msimamizi aliposema "kalamu chini", maswali mawili kati ya manne yalikuwa hayajaguswa. Kwenye jiografia alijiapiza asirudie, na mchoro wa kwanza tu ulipopinda akarudia. Kamanda, ambaye mwandiko wake ni kama kuku kapita kwenye tope, alikata maneno mistari mizima, akasonga mbele. Mstari wake ulifuata wa Mama Chapa: C, B, B.

Mlango ukafunguka taratibu. Alikuwa mkuu wa shule, ana nakala yake mkononi, na uso wake ulionyesha ameshaisoma.

"Mama, pole."

"Nimeshapoa, Mwalimu."

"Sasa hiyo ya wa nje," mkuu akasema akitazama dirishani, "si lazima ibandikwe leo. Iweke droo. Hata wiki ijayo, hakuna atakayekuuliza."

"Ahsante, Mwalimu."

Akaiweka droo. Akachukua zile mbili na kopo la pini, akatoka mpaka kwenye ubao wa matangazo ukutani. Ikawa kama kawaida: makelele, mikono shingoni, mmoja anaruka, mwingine anaondoka kimyakimya akijifanya anatafuta simu mfukoni.

Kamanda akaja mbio, kofia kwapani.

"Dada, ya kwetu iko wapi?"

"Printa imekwama."

Haikuwa uongo mzima, ndiyo maana ilitoka kirahisi.

"Si uangalie kwenye simu?" akaongeza.

"Simu siitaki. Mpwa wangu aliangalia kwenye simu, akaingiza namba ya mtu, akashangilia siku mbili. Mimi nitaamini nikiona karatasi imebandikwa. Nimesubiri miaka ishirini na sita, dada, printa ndiyo inishinde?"

Akarudi getini. Mama Chapa akarudi kitini, na dirisha lile ambalo miaka yote lilikuwa burudani yake likawa adhabu. Gari la mikate likaingia, Kamanda akalipigia saluti, akageuka kutazama ubao. Mzazi akatoka, saluti, akageuka kutazama ubao. Alivua kofia akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Akavuta droo. Kando ya karatasi ilikuwepo chupa ndogo ya wino mweupe wa kufutia, na akili ikamwambia kitu kabla hajaiuliza. Mstari mmoja tu. Ufutwe, ukauke, karatasi itolewe kopi, watu saba wawe sita. Kamanda apate haki yake, na yeye abaki na siri yake. Kazi ya dakika mbili, na nani anayeiweza kazi hiyo kuliko yeye?

Akaitikisa chupa. Akaifungua. Kile kibrashi kidogo kikasimama juu ya jina lake, tone jeupe linaning'inia.

Na hapo akajiona tena mle ndani ya chumba cha mtihani, mkono juu, anaomba karatasi safi. Akacheka peke yake, cheko fupi la pua. Akairudisha brashi, akaikaza chupa mpaka kidole kikauma, akatoka na karatasi yenye mkunjo wake.

Pini nne. Alipogeuka, wanafunzi walikuwa wameshamzunguka.

"Mama, hili jina si lako?"

"Langu."

"Kumbe ulifanya mtihani na sisi? Na hukusema!"

"Ningesema, mngenisaidia nini?"

Kijana mmoja mrefu, mwenye mdomo usio na kufuli, akapiga kofi. "E mbili! Mama Chapa, tuko timu moja!"

"Timu yenyewe haina kocha," akajibu, na wote wakaangua kicheko, naye akicheka huku anaikaza pini iliyokwisha kushika.

Kamanda akapenya kati yao. Akaweka kidole kwenye karatasi, akakishusha jina kwa jina. Kikafika la nne, kikasimama. Halafu kikapanda juu mstari mmoja, na mabega yake yakashuka.

"Dada…"

"Soma yako."

"Lakini, dada, wewe ndiye uliyenifundisha…"

"Kamanda, nimesema soma yako. Kwa sauti."

Akasoma. Sauti ikamkatika kwenye B ya pili. Wanafunzi wakapiga kelele, wakamnyanyua juu na viatu vyake vya geti, kofia ikaangukia huko, na mkuu wa shule akachungulia dirishani asiamini anachokiona ubaoni.

Saa saba Mama Chapa aliomba ruhusa. "Nataka nikamwambie baba watoto mwenyewe," alimwambia mkuu, "kabla hajaambiwa na mtu." Kamanda akamfungulia geti, akawa anapiga hatua kando yake.

"Dada, jioni nikuletee madaftari yangu? Historia tu, tuanze upya."

"Usiniletee kitu. Niache wiki moja nikasirike vizuri. Ukija kabla ya hapo, nakutupia ndoo ya maji."

"Na baada ya wiki?"

"Sijui, kaka. Kweli sijui. Uje uniulize."

Akashika njia, hatua za harakaharaka. Yule kijana mwenye mdomo usio na kufuli alikuwa ameshatangulia, na nyumba yao inapakana na karakana ya fundi bomba.