Wimbo wa Kushika Kamba

Vijana wa Goma wanaopanda mawe kwa kamba za rangi husema mchezo huo umeanza na wao. Niliwakuta kwenye machimbo ya zamani, karibu na nyumba tunayopanga, wakipigana picha na kujipongeza. "Ni siye njo ba kwanza kupanda mawe mu huu muji," mmoja aliniambia. Nikamjibu kwamba kwetu Masisi ng'ombe ndio waliotuanzisha, na hawakuomba picha.

Malisho yetu yaliishia kwenye genge. Ndama akiteleza na kukwama huko chini, baba mdogo alimfuata, kamba ya katani kiunoni. Baba yangu alibaki juu, ameizungusha kamba kwenye mti, akiiachia kidogo kidogo. Walikuwa hawaonani, na upepo ulimeza maneno. Kwa hiyo mwenye kushika kamba aliimba sifa za ng'ombe bila kupumzika. Ukiusikia wimbo, shuka. Wimbo ukinyamaza, shika jiwe na usisogee, hata mkono ufe ganzi. Na mwimbaji hanyamazi mpaka mwenzake asimame kando yake. Sisi watoto tuliuiga mchezo huo kwenye kingo za shamba, ila sauti yangu ilikuwa mbaya kiasi kwamba hakuna aliyekubali nimshikie.

Asubuhi vita vilipotufikia, watu wakifunga mizigo, baba mdogo alikataa kumwacha ndama aliyekuwa amekwama tangu jana yake. Wakaenda wawili, yeye na baba. Watu wenye bunduki walipotokea kwenye malisho, baba alifunga kamba kwenye mti, akalala kwenye majani, akanyamaza. Angeimba, wangekufa wote wawili. Walipokwisha kupita aliinuka, akauanza wimbo tena, akavuta. Kamba ilikuja nyepesi. Huko chini hakuonekana mtu wala ndama, si siku hiyo wala baadaye tulipotuma watu kutafuta.

Tangu hapo baba hakuimba tena, hata kanisani. Wengine walimfariji. Mimi nilimkasirikia, maana huzuni yake ilijaa nyumba nzima tukakosa pa kukaa. Alirudia jambo moja tu: "Mudogo wangu alijua sheria. Nilinyamaza. Iko anashika jiwe mpaka leo."

Juzi vijana walimwomba awashikie kamba, kwa heshima tu, kwa kuwa alikuwa akija kuwatazama kila walipopanda. Nilitaka kumkatalia. Lakini alisimama mwenyewe, akaipitisha kamba mgongoni, kijana mmoja akiishika nyuma yake kwa usalama. Msichana akaanza kupanda. Na baba akaimba, kwa sauti iliyokwaruza, sifa za ng'ombe ambao hatunao tena. Nililia mbele za watu wala sikujali.

Msichana alifika juu, akateremshwa, akasimama kando yake, akajifungua kamba. Baba aliendelea kuimba.

"Papa, nimeshafika," msichana akamwambia. "Pumuzika sasa."

"Weye umefika, mutoto wangu," baba alisema. "Mudogo wangu hayafika."

Akaishika tena ile kamba isiyo na mtu, akaimba huku akitazama juu ya mwamba. Hakuna aliyecheka. Pumzi ilipomwishia, niliupokea wimbo mimi, kwa sauti yangu hiyo hiyo mbaya, usije ukanyamaza mara ya pili.