Jiwe Nililosagia Tumbaku

Nikiwaambia haya mtacheka, na mcheke tu, maana hata mbuzi wangu nadhani walicheka siku ile, lakini mjue anayesimulia ni yuleyule bibi anayewafokea watoto wenu wakigusa kuni za watu, yuleyule aliyemfukuza jirani kwenye zizi lake mwenyewe akidhani ni mwizi, na aibu iliyonipata ilitokana na jiwe, jiwe tu, katika nchi hii ya Turkana ambayo Mungu aliimwagia mawe mpaka mkono ukamchoka.

Mjukuu wangu Akiru anasomea mawe. (Mimi shule niliishia darasa la pili nikarudi kwa mbuzi, kwa hiyo msiniulize jiwe linasomwa kuanzia upande gani.) Alikuja na mwalimu wake wa chuo kikuu, mwanaume mpole mwenye miwani, wakaleta mashine ya kutoboa kwenye kilima chetu, hapa kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, kwa sababu tangi kubwa la maji lilitakiwa kujengwa juu yake, na kabla halijakaa ilibidi wajue kama kilima kitalibeba au kitateleza nalo. Tangi likikaa kilimani, maji yanateremka yenyewe mpaka mlangoni kwetu. Likipelekwa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, wanawake tutavuka mchanga ule na mitungi kila siku, na siku mto unapokuja ghafla, kama unavyokuja, tutakaa upande huu na kiu tukitazama maji yakipita.

Mashine ilikuwa inatoa mawe marefu ya mviringo, laini kama mkono wa mtoto, nao wakayapanga kwenye masanduku ya mbao kwa mfuatano, la juu kwanza na la chini mwisho, ungedhani kilima kimelazwa chali kipumzike.

"Ata," Akiru akaniambia (ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiturkana), "utulindie haya. Hili sanduku la mwisho bado sijalipima. Hata kipande kimoja kisitoke mahali pake. Ni kazi yangu ya kwanza, mwalimu amenipa mimi."

"Nani atapita hapa nikiwa hai?" nikamjibu.

Wakaenda Lodwar kutafuta dizeli, nikabaki peke yangu na kilima kwenye masanduku. Jua la saa saba mnalijua. Upepo ulinyamaza, miti ya mikoma ya kule laga ikaanza kuelea, haigusi ardhi, na barabara ikageuka maji yanayometa bila kwenda popote. Nikanyoosha mkono nikagusa jiwe moja la sanduku la mwisho, kugusa tu, nikaona ni baridi. Baridi ile haikuwa ya kivuli, ilikuwa ya ndani, ya mahali ambapo jua halijafika tangu liumbwe. Nikaliinua. Urefu wake shubiri moja na kidogo, likanikaa mkononi kama limenisubiri. Na jiwe langu la mkononi la kusagia, nililoachiwa na mama, lilikuwa limepata ufa. Kwetu jiwe halina mwenyewe, mwanamke akiona linalomkaa mkononi analibeba, na hakuna anayemuuliza lolote.

Nikaliweka mapajani nisikie ile baridi kidogo tu, usingizi ukanichukua. Nikaota niko ndani ya kilima, kuna giza zuri lenye harufu ya mvua, na mama yangu amepiga magoti anasaga, krr, krr, krr, anasogea tu nipate nafasi. Nilipoamka, jiwe lilikuwa limefungwa ndani ya shuka langu na mikono yangu iko juu yake, na sikujua kama nimeshaiba au bado naota. Gari lao likasikika barabarani. Badala ya kulirudisha (dakika moja tu ilitosha!) nikayasukuma yale mengine yakakaribiana, kama watoto mkekani mmoja akitoka, pengo likafa.

Kesho yake nikaenda Kakuma kuuza tumbaku, na jiwe kwenye kikapu. Nikakaa kibandani kwa rafiki yangu Nyibol, mama wa Sudan Kusini anayeuza chumvi na sabuni kwenye kambi ya wakimbizi, nikasaga tumbaku na magadi, na ikasagika laini mpaka watu wakasimama kutazama.

"Mama, hii jiwe umetoa wapi?" Nyibol akauliza. "Imechongwa na mashine?"

"Imechongwa na Mungu."

"Basi siku hizi Mungu ananunua mashine," akasema, akaendelea kupanga sabuni zake.

Nililala kwake siku mbili nikisaga. Nilikuwa nimeamua kulirudisha, kweli kabisa, lakini niliporudi nyumbani nikakuta baraza limeshakaa chini ya kilima, watu wote, chifu, mwalimu, na Akiru amesimama kando na daftari lake.

Chifu aliponiona akasema, "Mlinzi wetu amefika. Ata, siku ile kuna mtu aligusa masanduku?"

Na mimi, mbele ya watu wote, kikapu begani, nikapaza sauti, "Hata mtoto! Hata mbuzi! Hata nzi hakutua!" Wakanipigia makofi.

Mwalimu akavua miwani. Akasema basi ni kama alivyoogopa, maana kwenye sanduku la mwisho mawe hayafikii urefu uliotobolewa, na ncha mbili hazishikani, na kama hakuna aliyegusa, basi mahali pale ndani ya kilima kuna udongo laini uliosombwa na maji ya mashine. Kilima chenye udongo laini tumboni kinaweza kuteleza. Tangi litapelekwa ng'ambo ya laga. Wanawake wakashusha pumzi pamoja, nikasikia upepo wake usoni.

"Akiru," mwalimu akauliza, "una hakika ulipanga vizuri?"

Mtoto wangu akatazama miguu yake. "Nilipanga vizuri, mwalimu. Ama pengine nilikosea."

Hilo "pengine nilikosea" lilinipita hapa, katikati ya mbavu. Nikasimama. Nikatia mkono kikapuni nikatoa jiwe, limegeuka kahawia, nikamwekea mwalimu mkononi. Akalileta karibu na macho aliangalie vizuri, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Ya tatu ikaangusha miwani yake.

"Ata!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Kumbe nzi ni wewe!"

Baraza likaangua kicheko. Chifu alicheka mpaka akashika kiti. Akiru peke yake hakucheka, alipiga magoti akayasogeza mawe, akaliweka jiwe langu katikati, na upande mmoja likashika kama jino kwenye ufizi. Upande wa pili ulibaki wazi upana wa kidole kimoja, kwa sababu ndio niliosagia. Hicho kidole cha kilima kimetafunwa Kakuma, na hakirudi.

Mwalimu hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alisema kwa upole kwamba itabidi watoboe tena pembeni, wahakikishe. Wakatoboa siku nzima chini ya jua, kwa sababu yangu, na jiwe likatoka zima, gumu, bila udongo. Tangi likabaki kilimani.

Jioni Akiru akaniuliza, "Ata, kwa nini hukuomba?"

"Sikujua jiwe linaombwa."

"Na pale kwenye baraza, ulipoulizwa?"

Nikamsogezea daftari lake. "Andika jina langu hapo."

Jiwe lenyewe aliondoka nalo, akaandika kwenye daftari kwamba ncha yake imelika kwa kusagiwa tumbaku, na jina langu akaliweka pale kwa sababu nilimwambia aliweke. Siku hizi nikiona jiwe zuri njiani nalisalimia, ejok, nakunja mikono nyuma, napita. Nasagia lile la mama lenye ufa, na linaponibana kidole, naendelea kusaga.