Siku Nne za Shangazi Martina

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita huko Gitting, mwanangu, upepo wa mlimani ukivuma mpaka masikio yanauma, shangazi yangu Martina alipoingia nyumbani kwetu akiwa amefunga karatasi kwenye ncha ya kitenge chake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Hakuanza na shida yake. Aliuliza kwanza kama huko chuoni tunakula vizuri, maana aliniona nimekonda. Kisha akafungua kile kitenge, akanikabidhi hukumu ya mahakama ya mwanzo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Nilikuwa nimefika likizo wiki hiyo hiyo kutoka chuo kikuu, mwaka wangu wa pili wa sheria. Katika kata nzima hakukuwa na msichana mwingine aliyefika huko, na jambo hilo nilikuwa nalijua kuliko ilivyonipasa. Nilichokuwa sijamwambia mtu ni kwamba nilikuwa nimeanguka somo moja, mwenendo wa kesi za madai, na baada ya likizo nilitakiwa kurudia mtihani. Wewe uliyeniandikia juzi kwamba somo hilo linakuchosha, kwamba ni la makarani, ujue hata maneno hayo hukuyatunga wewe. Sisi nasi tuliyasema. Tulipenda katiba, tulipenda haki za raia, tulibishana mpaka chakula kikapoa mezani. Lakini hati ipi inatangulia, nani apewe nakala, siku ngapi za kujibu, hayo tuliona ni mambo ya watu wasio na mawazo.

Mume wa shangazi, marehemu Margwe, alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la serikali. Alipofariki, ndugu yake aliyeitwa Boay alidai kwamba ekari sita za marehemu ni mali ya ukoo, kwa hiyo mjane aondoke. Shangazi alisema sivyo. Pori lile Margwe alilifyeka mwenyewe, na yeye alikuwa nyuma yake aking'oa visiki, na wazee wawili walioshuhudia walikuwa bado hai. Mahakama ya mwanzo ilimpa Boay ushindi. Shangazi alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa wilayani, na tano zilikuwa zimeshapita.

"Paulina," aliniambia, "mimi nimesoma mpaka darasa la pili. Nimekuletea wewe."

Nikamwambia aniachie, asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa urahisi sana.

Niliandika rufaa ile kwa fahari. Badala ya sababu tano fupi, nilijaza kurasa kumi na moja. Niliandika habari za mwanamke wa Kiafrika, za ujamaa, za utu wa mjane. Nilikuwa nikienda nazo kwenye nyumba za watumishi wa shamba la ngano, ambako kulikuwa na umeme wa jenereta na walimu na mabwana shamba waliotoka mikoa mingine. Niliwasomea, wakanisifu, nikarudi nyumbani nikaongeza ukurasa. Wakati huo shangazi alikuwa anapalilia maharage yake kwenye shamba lile lile la ugomvi. Mara mbili alipita kuuliza. Mara zote mbili nilimwambia kazi nzuri haiharakishwi. Hakuniuliza mara ya tatu, kwa sababu aliniamini.

Siku niliyopata lori la shamba la kunifikisha wilayani, nilivaa gauni langu la chuo. Karani wa mahakama alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia, nikaweka kurasa zangu mezani. Hakuzisoma. Alifungua ile hukumu, akatazama tarehe, akatazama kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kugusa kila siku kwa ncha ya kalamu.

"Binti, umechelewa siku nne," akasema.

Nilicheka kidogo. Nilimwambia siku nne si kitu, kwamba haki ya mjane haiwezi kuzuiwa na kalenda, na kwamba kama angesoma ukurasa wa tatu angeelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo, na mvi hizi, bado nalisikia: "Siku hizo nne mlikuwa wapi?"

Alinieleza, bila kunidharau, kwamba ipo njia ya kuomba kuongezewa muda. Anayeomba analeta hati ya kiapo, na ndani yake anaeleza kila siku aliyochelewa, moja baada ya nyingine, na sababu yake. Somo hili nilikuwa nimefundishwa darasani. Nilikuwa nimekaa nyuma nikiandika barua.

Njiani kurudi nilizihesabu zile siku. Ya kwanza nilikuwa kwenye ofisi ya shamba, nikimwomba mpiga chapa arudie ukurasa wa kwanza ili neno HAKI likae kwa herufi kubwa. Ya pili walimu walikuwa na sherehe. Ya tatu kombaini mpya ilikuwa imeletwa, nikaenda kuitazama ikikata ngano, wakanipandisha juu. Ya nne kulikuwa na manyunyu, nikaona nipumzike. Hizo ndizo siku nne zilizochukua ekari sita.

Mwanangu, hapo ndipo nilipotaka kufanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Nilikuwa nafahamiana na muuguzi wa zahanati. Nilimwambia shangazi tunaweza kupata cheti kwamba aliugua homa siku zile, kisha yeye aape hivyo, na hakimu atatukubalia. Alikuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini.

"Sikuumwa hata siku moja," alisema. "Aliyeumwa ni mume wangu, miezi saba, na mimi ndiye niliyemuuguza. Leo niape mbele ya Mungu kwa ugonjwa ambao hakunipa? Shamba wakitaka walichukue. Hicho kiapo siapi."

Nikalia. Hakuninyamazisha. Alingoja nimalize, kisha akasema kwa sauti ile ile, "Kama ni kuandika siku hizo, andika zilivyokuwa. Na aape aliyekuwa nazo."

Basi niliapa mimi. Niliandika ukurasa mmoja tu safari hii. Nikaandika mpiga chapa, nikaandika sherehe, nikaandika kombaini, nikaandika manyunyu. Siku ya kusikilizwa, Boay alikaa upande wake na wazee wa ukoo, shangazi akakaa peke yake, ushungi wake mweupe wa kanisani kichwani. Hakimu alisoma kiapo changu polepole, akarudia. Akaniuliza mimi ni nani kwa mwombaji, nikasema mtoto wa kaka yake. Akaniuliza ninasoma nini. Nikasema sheria, mheshimiwa. Alivua miwani yake, akaiweka juu ya kiapo changu.

Alisema mwombaji hakusema uongo na hakuzembea yeye mwenyewe, na kwamba jambo hilo linamsikitisha. Lakini aliyekabidhiwa kazi yake alikuwa na muda wa kutosha akauchezea, na sheria haihesabu hiyo kuwa sababu. Kisha akamtazama shangazi.

"Mama, huenda shamba ni lako. Mimi sitajua, kwa sababu rufaa yako haikufika mbele yangu."

Maombi yakatupwa. Wale wazee wawili walioona pori likifyekwa walikuwa wamekuja kwa miguu tangu alfajiri. Hakuna aliyewauliza neno.

Baada ya mavuno shangazi alihamia Gehandu kwa binti yake aliyeolewa huko. Nilimsaidia kung'oa mabati ya nyumba na kuyapakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Tulipomaliza aliniuliza kama nimeshaanza kusoma lile somo nililoanguka, maana nilikuwa nimeshamweleza mama, naye akamwambia. Nikasema bado, moyo haupo. Akanishika bega.

"Kasome. Usisome kwa ajili yangu, langu limekwisha. Atakuja mwingine na karatasi zake."

Nilisoma. Nilisoma sheria ile kifungu kwa kifungu, na kila palipoandikwa siku, niliona mtu ameketi anangoja. Nilifaulu, nikawa wakili, na wapo wajane ambao mashamba yao yalibaki kwao kwa sababu nilifika mahakamani asubuhi ya siku ya tano badala ya mchana wa siku ya thelathini. Shangazi alikufa Gehandu, kwenye nyumba ya mkwewe. Ekari zile hazikurudi. Sitaki ufikirie kwamba kufaulu kwangu kulilipa kitu.

Kwa hiyo nakuusia hivi, mwanangu. Usilidharau somo linalokuchosha, kwa maana mambo makubwa unayoyapenda yanaingia mahakamani kwa mlango huo tu, na mlango una saa yake ya kufungwa. Mtu akikukabidhi karatasi zake, tazama tarehe kabla hujatazama kitu kingine. Andika machache yanayotosha, uyafikishe. Usiseme "niachie" kama huna nia ya kuamka kesho yake ukaanze. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, usimtafutie mwenzako ugonjwa ili kuficha uvivu wako. Simama uuseme mwenyewe, hata kama kusema huko hakutakusaidia.

Mungu akupe macho ya kuona mtu nyuma ya kila karatasi, na miguu ya kufika mapema. Wanaokuamini wasije wakajuta kwamba walikuamini. Nenda kasome, mwanangu, na amani ya nyumba hii ikae nawe.