Siku Mama Mkwe Aliponivuta Kupitia Pazia

Aibu hii nimekaa nayo mpaka imeanza kunizoea, basi acheni niitoe nipumue, na mkicheka chekeni taratibu, maana mama mkwe wangu anakaa Mayoni na Mayoni si mbali.

Mapafu yake yalichoshwa na moshi, miaka mingi ya kuchemsha sukari nguru, hata kuinua sufuria ya obusuma, ugali wetu, kukawa kama kupanda mlima. Kliniki wakampa mpira mrefu wa kuvuta ili mikono na kifua vipate nguvu, na kila asubuhi binti yake Nekesa (ndiye mke wangu) alikuwa anamshikia ncha ya pili. Nekesa akasafiri, akaniachia amri moja: mama asipitishe siku bila kuvuta, la sivyo nguvu zitarudi zilikotoka.

Mila mnaijua: mkwe hamgusi mama mkwe, hata salamu ni ya mbali. Nikajiona nina akili. Nikapitisha mpira chini ya pazia la mlango, mama kitini ndani, mimi verandani, hatuonani, na ncha yangu nikaizungusha mkononi nikaifunga (mkono uliozoea kalamu tu, lakini nani angekubali).

"Mkwe, wewe ni mwepesi," akaniambia kutoka ndani. "Nisije nikakuvunja."

"Vuta, mama. Mimi siangukangi."

Akavuta, akipuliza pumzi kama anayepoza chai, jinsi kliniki walivyomfundisha, nami nikasimama imara kabisa, mpaka wakatokea akina mama wa kanisa waliokuja kumjulia hali, nikageuka kuwasalimu kwa adabu zote, mguu mmoja hewani, na hapo hapo mama akavuta kwa nguvu zake zote mpya. Niliingia na pazia na fimbo ya kulitundikia, nikatua kichwa mapajani mwa mama mkwe, nimefunikwa kama bi harusi.

Mmoja wa wageni akauliza, polepole, iwapo kuku wa kusafisha aibu hii atatoka kwangu au kwa Nekesa.

Mama akaanza kucheka. Nikaogopa, kwa sababu kicheko chake huishia kwenye kikohozi kinachomkunja. Akacheka, akafinya midomo, akapuliza, akacheka tena. Kikohozi hakikuja.

"Mlisema nimeisha," akawaambia wenzake. "Sasa niondoleeni huyu."

Kuku nilitoa, jogoo mzima. Na mpira nikaufunga kwenye nguzo ya veranda, upo huko hadi leo, kwa sababu nguzo haina mama mkwe.