Mapigo ya Moyo Kwenye Sanda

Mdogo wangu hakuwa mtu wa kupata kitu kipya akanyamaza. Binti yake alipomnunulia saa janja, alitoka kijijini kwake, upande wa Ruangwa, akaja hadi kwangu Nachingwea mjini, akidai amefuata salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Salfa hata Ruangwa ipo. Nilimwacha anywe chai huku mkono wake wa kushoto ukihangaika juu ya meza.

"Kaka, huulizi?"

"Niulize nini, na mwenyewe utasema?"

Akavuta mkono wa shati. Kioo cheusi kikawaka kama jicho la mtu aliyeamshwa. "Huu hapa moyo wangu. Unauona? Sabini na moja. Yule mtoto huko shuleni kwake akifungua simu anauona huuhuu. Mtu mzima mimi, nachungwa kama mbuzi!"

Alicheka, lakini alifurahi kuchungwa. Binti mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi hapahapa Nachingwea. Saa aliinunua Dar es Salaam alipokwenda likizo, kwa kuwa baba yake alikuwa na presha na aliishi mbali naye.

Sisemi saa ile haikuwa na faida. Alfajiri ilimtikisa mkono taratibu akaamka kuswali bila kumsumbua mkewe. Simu ikilia akiwa na pampu ya salfa mgongoni, alitazama mkononi akajua nani anampigia. Ilimhesabia hatua za kwenda shambani na kurudi, na jioni aliwatangazia jirani zake kana kwamba amevuna. Msikitini kwao, vijana walimwinamia wakitaka kuiona. Na mimi niliitamani kidogo, Mungu anajua. Kasoro zake alizijua na hazikumsumbua: iliisha chaji kila baada ya siku chache akaipeleka dukani kwenye sola, na akiiacha simu nyumbani, ilibaki saa tu kama saa nyingine.

Kasoro kubwa hakuijua. Pale mezani alibonyeza tena, ikatoka presha: mia moja ishirini kwa themanini. Tukapima kabla ya kula, tukapima baada ya kula, tukapima aliporudi sokoni na jua kali na mfuko wa salfa begani. Ikaja ileile, au karibu yake.

"Presha ya kijana," akasema. "Vidonge nimeviweka pembeni. Vya nini tena?"

"Kawaulize hospitali kwanza."

"Hospitali wananipima mara moja kwa mwezi, kaka. Hii inanipima hata nikilala. Nani ananijua zaidi?"

"Na mtoto wako anajua umeacha?"

"Nitamwambia mwenyewe, mwisho wa mwezi nikija. Leo ataniweka pembeni ya ubao nipige magoti."

Mwisho wa mwezi haukumkuta. Asubuhi moja ya kupulizia, walimkuta ameanguka kati ya mikorosho, pampu bado inanguruma mgongoni na vumbi la salfa limemfunika uso. Walimbeba hadi nyumbani. Mganga wa zahanati akaja, akampima, akasema amefariki. Mkewe, shemeji yangu, akanipigia simu. Mimi ndiye ninayewaosha wanaume wa ukoo wetu wanapokufa. Kazi hiyo niliachiwa na baba yetu.

Nilimpitia binti shuleni. Tulikodi gari dogo, tukashika barabara ya Ruangwa. Alikuwa analia kimya, kanga mdomoni. Tulipofika mahali penye mtandao, simu yake ikatoa mlio. Akaitazama. Kilio kikakatika.

"Baba mkubwa, hajafa."

"Mwanangu."

"Tazama! Moyo unapiga. Sabini na nne. Sasa hivi, siyo jana." Akamshika bega dereva. "Kaka, kimbiza gari, wasije wakamzika baba yangu mzima!"

Dereva alinitazama kwenye kioo. Nilijua shemeji si mtu wa kusema uongo, lakini namba ilikuwapo, na mtu akishapewa tone la tumaini hamwulizi aliyempa ameliteka wapi. Kwa kitambo, hata mimi niliomba iwe kweli.

Tulimkuta amelazwa chumbani, amefunikwa shuka. Saa ilikuwa mkononi. Waliombeba hawakuthubutu kuigusa. Chini yake, pale inapokutana na ngozi, palikuwa na taa ndogo ya kijani. Iliwaka na kuzima, ikipenya kwenye shuka. Binti alipiga magoti akaushika mkono ule, akamwita. Mkono ulikuwa wa baridi. Alisema ni baridi ya asubuhi.

Nje, habari ilishafika. Waliokuwa wanachimba kaburi waliletewa ujumbe wasimame. Uani watu wakagawanyika.

"Mashine haina undugu na mtu," alisema kijana mmoja. "Ikisema yupo, yupo."

"Kama yupo, aje anywe uji kabla haujapoa," akajibu mzee wa jirani. "Mimi nimembeba. Alikuwa kama gogo."

"Mzee, wewe hata simu ya tochi inakushinda."

"Simu inanishinda. Maiti hainishindi."

Mganga wa zahanati akaitwa mara ya pili. Aliinama, akasikiliza kifuani muda mrefu, akatazama macho kwa tochi. Akamwambia binti kwa upole, "Mwalimu, pole sana. Baba ametutoka." Binti akamwonyesha simu. Mganga, naye kijana wa watu tu, akaitazama namba, akasema hajui kwa nini iko hivyo. Ukweli wake ule ulitugharimu, maana binti alisimama mlangoni akasema, "Hajui! Mmesikia? Basi hakuna atakayemwosha baba yangu mpaka kitu hiki kiseme sifuri."

Adhuhuri ikapita. Shehe wa msikiti aliniuliza tunasubiri nini. Nikamwambia tunasubiri mtoto. Sheria ya kuharakisha mazishi naijua, nimeifundisha wengine. Lakini sikuona namna ya kumpita yule binti mlangoni bila kumkanyaga.

Mwishowe alikubali jambo moja: niingie peke yangu, niivue saa, niupanguse mkono salfa, kisha nimrudishie. Alidhani vumbi ndilo linalozuia ngozi kupata joto. Alikaa kibarazani na simu mbili mapajani, yake na ya baba yake.

Niliingia. Taya lilikuwa limeshakaza, na vidole nilivikunjua kwa shida. Nimeshika miili mingi, sikuhitaji kuambiwa. Nikafungua mkanda. Sakafuni palijaa madumu ya maji, meza haikuwapo. Kwenye ukingo wa kitanda palikuwa na sanda, bado imeviringishwa kama ilivyotoka dukani, nene kiasi cha mkono wa mtu. Nikaifunga saa pale isije ikaanguka, nikachukua kitambaa kumpangusa.

Nilikuwa bado namfuta vidole niliposikia sauti ya binti kutoka kibarazani.

"Baba mkubwa! Yamepanda! Yamefika themanini na moja! Anarudi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikageuka. Kwenye sanda ile nyeupe, taa ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima. Kiooni palikuwa na picha ya moyo mdogo mwekundu unaodunda, na namba themanini na moja.

Nilikaa chini. Kwanza nilimshukuru Mwenyezi Mungu, maana sasa ndugu yangu angezikwa. Kisha shukrani ikanikwama, kwa sababu niliona nitakayemwonyesha ni nani. Yule ni mwalimu. Akiona saa inahesabu moyo wa kitambaa, hatakomea hapo. Atauliza na presha. Atauliza na vidonge. Mtu pekee aliyejua habari ya vidonge ni mimi. Ningeweza kuibonyeza ile saa mpaka izime, nikatoka nikasema, mwanangu, imesimama. Angelia, tungezika, na angebaki na baba aliyechukuliwa na Mungu tu, bila zawadi yake kuwamo ndani ya jambo hilo.

Vigelegele viliendelea. Nikamsikia shemeji, mjane aliyekuwa amelia tangu asubuhi, akiuliza, "Kweli? Kweli?"

Nikamwita binti peke yake. Akaingia. Niliinua sanda kwa mikono miwili nikamwonyesha.

Alitazama kitambaa, akatazama mkono mtupu wa baba yake, akatazama kitambaa tena. Akaivua saa mwenyewe, akaifunga kwenye mkeka uliokunjwa kando ya ukuta. Ikatafuta kidogo, kisha ikatoa sitini na tisa. Akatoa pumzi ndefu, akafunika mdomo.

"Kumbe na presha," alisema.

Nilikikunja kitambaa nilichompangusia.

"Baba mkubwa, dawa alikuwa anakunywa?"

"Swali lako nimelipokea, mwanangu. Nitakujibu, sitalikimbia. Tumzike kwanza."

Aliivua saa pale kwenye mkeka. Akatoka kibarazani, na vigelegele vikafa kimoja kimoja. Kisha kilio cha pili kikapanda, na kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza, kwa kuwa shemeji alifiwa mara mbili siku moja. Nilimwosha ndugu yangu. Salfa ilikuwa imeingia masikioni na kwenye mikunjo ya shingo. Ilichukua maji mengi. Nikamvika sanda ileile. Tulimzika baada ya swala ya alasiri.

Tulipomaliza kisomo cha siku ya tatu, binti alikuja akakaa mbele yangu.

"Baba mkubwa, uliniahidi."

"Aliacha dawa. Aliniambia mwenyewe, akasema atakuja kukuambia."

"Kwa ajili ya saa?"

"Kwa ajili ya saa."

Nikamwambia alitoa kwa mapenzi, na kwamba siku ya mtu ya kufa imeandikwa kabla ya zawadi zote. Maneno hayo nimefundishwa tangu madrasani, nayaamini, na nitakufa nayo. Lakini siku ile niliyaona yanamfikia yakasimama mlangoni, hayakuingia. Alisema, "Ahsante kwa kuniambia," akaenda kumsaidia mama yake vyombo.

Saa aliniachia mimi. Iko kwenye sanduku langu pamoja na pamba na kafuri ninazotumia kwa maiti, imezima. Siku hizi naziona mikononi mwa watu wengi hapa Nachingwea, makarani, wanunuzi wa korosho, vijana wa bodaboda, na sijamkataza yeyote. Ila nikimkuta amevaa mtu mwenye presha, humwuliza kama bado anakunywa dawa zake. Wengine hukasirika.

Shemeji sasa anaishi na binti yake mjini. Kila mwezi wanakwenda hospitali kumpima mama presha, na mara nyingine mimi huwasindikiza. Namshukuru Mungu kwamba yule mtoto bado ananiita baba mkubwa, bado ananiletea mbaazi. Muuguzi humfunga shemeji kile kitambaa cha kipimo juu ya kiwiko, anajaza upepo, anasikiliza, anaandika. Binti anasimama karibu, hakai.

"Iko vizuri, mama," anasema muuguzi.

"Rudia," anasema binti.

"Mwalimu, nimeshapima mikono yote miwili."

"Rudia, tafadhali."